Kamusi Iliyoishia Herufi ya S

Jumatatu, 1 Februari 1982

Pumzi fupi leo. Kutoka kitandani mpaka barazani nimepumzika mara mbili. Daktari wa Nizwa alisema moyo umechoka. Alinena kwa upole, kama anayesoma barua ya mtu mwingine. Mimi nilichoka kabla yake.

Badriya, binti yangu, kaja kukaa nasi hapa Ibra, Omani, mwezi huu, na taipu ya kuazima. Soud mumewe yuko wizarani Maskati, na kuna watu huko wanataka kukipiga chapa kitabu changu: maneno ya kila siku ya Kitaliana, maana yake kwa Kiswahili, na asili yake katika Kilatini. Soud atakuja kukichukua Alkhamisi ya wiki ijayo. Karatasi ya kwanza Badriya keshaipiga. Jina langu juu, herufi kubwa: NADHIR BIN AZZAN. Akaniuliza kama nimefurahi. Nikamwambia macho yananiuma.

Jumanne, 2 Februari

Kitabu kinaishia herufi ya S. Neno la mwisho ni sera, jioni, kutoka Kilatini serus, kilichochelewa.

"Baba, zimebaki herufi nne tu," Badriya kanambia. "T, U, V, Z. Miaka thelathini na nane hukupata wasaa?"

Nikajaribu. Testa, kichwa. Kilatini testa, chungu cha udongo. Hili nalijua kwa sababu Ottavio, Mtaliana wa kambini, alilitaja siku moja akimtazama sajini wetu mwenye kipara, tukacheka mpaka akatugeukia. Halafu tovaglia, kitambaa cha meza. Mama yake nani? Ottavio ndivyo alivyokuwa akisema – kila neno lina mama. Nimekaa na kalamu mpaka chai ikapoa. Sijui. Sijapata kujua.

Basi niandike, humu hasomi mtu. Ottavio Ferrando alikuwa mwalimu wa shule, mateka wa vita katika kambi ya Waingereza ya Wataliana kule Kenya. Mimi nilikuwa karani wa kambi, kijana kutoka Unguja. Kila alasiri alitaja neno, maana yake, mama yake, kisha mfano. Mimi nikaandika na kulitafutia Kiswahili. Mkono wangu, elimu yake. Tulipofika sera akashikwa na homa ya matumbo. Siku ya nne akanivuta karibu: kitabu hiki ni amana, mpelekee mke wangu, na umwambie nimezikwa wapi. Nikasema ndiyo.

Tukamzika, nikarudi Unguja. Nikakionyesha chuo cha ualimu kuwa ni changu. Nikapewa kazi ya ualimu. Barua sikuandika hata moja, si Unguja wala tulipohamia huku Omani.

Ijumaa, 5 Februari

Badriya kafika M. Husoma kwa sauti huku akipiga. "Moglie, mke. Kilatini mulier, mwanamke. Mfano: Mke wangu Ines hutia chumvi mara mbili, kwa kusahau ya kwanza."

Taipu ikanyamaza. Akafunua mbele. "Neve, theluji. Kilatini nix. Mfano: Asubuhi ile theluji ilifika dirishani, Ines akacheka kama mtoto."

Mahfoudha, mke wangu tangu miaka thelathini na mitano, alikuwa akichagua mchele mlangoni. Mkono wake ukasimama juu ya sinia.

"Theluji gani, Baba?" Badriya akauliza. "Wewe theluji umeiona wapi?"

"Muulize Ines ni nani," Mahfoudha akasema. "Theluji itayeyuka yenyewe."

Nikasema ni mifano tu.

"Mifano haitii chumvi mara mbili," akasema, akaendelea na mchele wake.

Jumamosi, 6 Februari

Habari keshaipata Turkiya, jirani yetu. Kaja na halwa kama anayekuja tanzia. Kakaa na Mahfoudha sebuleni, kanong'ona kwa sauti ya kusikika mpaka Bidiya, mji wa pili. "Afadhali mke mwenzio ni Mzungu, shoga yangu. Mume wangu alimwoa binamu yangu, na mie nikaipika biriani ya harusi."

Alipoondoka, Mahfoudha akaja kukaa ukingoni mwa kitanda. "Mwalimu, wivu kwangu umekwisha, umekwenda na meno. Lakini kama huko bara uliacha mke, kama uliacha watoto, sema. Watoto wana haki yao. Sitaki uende na mzigo wa watu. Mie nishakusamehe."

Akanifunika miguu. Sikusema ndiyo. Sikusema siyo.

Supu ya leo tamu kuliko ya wiki nzima. Miiba ya samaki kaitoa kwa mkono wake, moja moja. Nasamehewa kosa ambalo si langu, na linanifaa. Mume mwenye siri, nyumba hii inamsamehe – watacheka, watalia, watamwombea. Lakini mwalimu aliyevaa elimu ya maiti? Mji mzima unaniita Mwalimu. Wamenizoesha, sina tena jina jingine. Nikinyamaza mpaka Alkhamisi, kitabu kitakwenda Maskati, nami nitakwenda zangu. Hakuna atakayejua.

Ndilo nililosema mwaka ule alipokufa Ottavio pia.

Jumatatu, 8 Februari

Siku mbaya. Miguu imejaa maji. Badriya kamaliza S. Kauliza kama T aiache. Nikamwambia aiache.

Jumatano, 10 Februari

Nimesema.

Baada ya sala ya adhuhuri nilimwita Mahfoudha, nikamwambia Badriya aache taipu. Nikaeleza yote, kutoka kambini mpaka chuoni. Nilidhani nitalia. Nimechoka mno hata kulia. Badriya alikuwa akitazama vidole vyake, vyenye wino wa wiki nzima.

Mahfoudha ndiye aliyesema kwanza. "Kwa hiyo hakuna mwanamke."

"Yupo. Wa mwenzangu."

"Na anajua mumewe kazikwa wapi?"

"Hajui."

"Mie Badriya akichelewa saa moja njiani, siketi," akasema. "Huyo kangoja miaka thelathini na nane." Akainuka kwa kushika ukuta. "Kwa mwanamke wako nilikuwa na haki ya kukusamehe. Hili si langu, Mwalimu. Usinitazame mie."

Leo supu kaileta Badriya. Miiba imo.

Baadaye nikamsikia Badriya anarudisha karatasi nyuma, nyuma kabisa. Akaja na C. "Casa, nyumba. Kilatini casa, kibanda. Mfano: Nyumba yetu ni namba kumi na moja, Via del Mulino, Montalbo, mlango wa kijani." Akaiweka kifuani pangu akatoka.

Niliiandika mwenyewe, kwa mkono huu. Hata kusingizia kuwa sikuwa na anuani siwezi.

Alkhamisi, 11 Februari

Tangu asubuhi tunaandika barua. Mahfoudha ndiye anayesema, mimi natia Kitaliana, Badriya anapiga. Mimi nilitaka kuanza na kitabu. "Anza na kaburi," Mahfoudha akasema. "Mwanamke gani anataka kitabu kwanza?"

Nalikumbuka kaburi. Mstari wa tatu, karibu na uzio wa mashariki, chini ya mkalitusi mchanga. Utakuwa mti mkubwa sasa. Kaburi kwa Kitaliana ni tomba. Herufi ya T – hatukulifikia. Neno ninalo, mama yake simjui. Nikaliandika hivyo hivyo, yatima.

Mahfoudha kauliza kama Ines yu hai. Sijui. "Basi andika na kwa wanawe." Wana sijui kama wapo. "Andika na kwa atakayefungua mlango," akasema.

Napumzika kila mstari.

Honi nje. Gari ya Soud. Kawahi. Mahfoudha kapiga kelele kutoka jikoni angoje, barua haijesha. Karatasi ya kwanza ya kitabu, yenye jina langu, iko juu ya shuka, uso chini. Badriya katia nyingine tupu ndani ya taipu, vidole vyake viko tayari.

"Jina lipi litangulie, Baba, la Ottavio au lako? Au lake peke yake?"

Soud anavua viatu mlangoni. Anacheka, kaleta tende. "Shikamoo, Mwalimu."

Sijaitikia bado –