Jumatano za Luka

Miyuji, Dodoma
Alhamisi, 21 Agosti 2025

Kwako dada Loisi,

Shikamoo dada. Na mbukwa juu yake, nione kama Sumbawanga haijakusahaulisha lugha ya kwetu. Hujambo wewe, shemeji hajambo, watoto wanaendeleaje na shule? Nasikia baridi ya huko mwaka huu ilikuwa ya kuingia nayo darasani na blanketi. Sisi huku ni upepo na vumbi tu. Nikifuta meza asubuhi, saa nne naweza kuandika jina langu juu yake kwa kidole. Mama hajambo, ila magoti bado yanamsumbua. Mimi mwili hauna neno.

Najua umeshaanza kujiuliza Penina kapatwa na nini hadi aandike barua wakati simu ipo na salio lipo. Dada, kwenye simu mimi ni mwongo. Ukiniuliza jambo najibu lile unalotaka kusikia, tunacheka, tunaagana. Kwenye karatasi nitashindwa kukimbia. Mwalimu Erica anasafiri kesho kuja huko kwa mumewe, nitampa aifikishe mkononi mwako. Tafadhali uisome ukiwa umekaa.

Nianze na mdogo wetu Luka, maana ndiye utakayemuuliza kwanza.

Unakumbuka Februari tulivyokwenda wewe, mimi na mama kumchukua kule soba, alikokaa miezi sita akiachishwa unga. Alikuwa amenenepa, mashavu yamerudi, mama akawa anamshikashika kama anayechagua kitambaa. Yule mnasihi wao, Nikodemo, ambaye naye zamani alikuwa mtumiaji, alitukalisha chini akasema maneno ambayo mimi niliyasikiliza kwa sikio moja. Alisema kazi siyo hiyo miezi sita iliyopita, kazi ni hii inayokuja. Luka asikose kikao cha Jumatano pale Area D, ambako walioacha hukutana na kuambiana ukweli. Asikanyage Kibaigwa kwa mwaka mzima, kwa sababu ni huko, kwenye udalali wa mahindi, alikoanzia. Asirudie laini yake ya zamani. Yeye Nikodemo atampigia kila jioni kupitia simu yangu. Na akasema lile ambalo wewe ulilirudia tukiwa garini, kwamba mwili uliopumzika husahau ulichozoea, na mtu akirudi na kipimo chake cha zamani, mara hiyo moja inaweza kuwa ya mwisho. Ukanigeukia ukaniambia, Penina, wewe ndiye unayekaa naye. Nikaitikia. Niliitikia kwa moyo wote, hapo naomba uniamini.

Miezi miwili ya kwanza mambo yalikwenda. Jumatano alikuwa anarudi na njaa, anakula ugali na mlenda sahani mbili, ananisimulia vituko vya wenzake. Siku mbaya hazikukosekana, za jasho na hasira za bure, lakini alikuwa anazisema. Jioni simu ikilia alikuwa anaichomoa mkononi mwangu kabla sijasema haloo.

Kisha ikaja shukrani. Unatujua, kwetu mtu akipona sharti asimame mbele ya kanisa aseme. Mama alipeleka jogoo, kwaya yetu ikaimba mpaka spika ikaanza kukoroma, na Luka akaongea dakika tatu tu. Watu walilia, dada. Nani pale hana kijana wa namna hiyo nyumbani kwake au kwa nduguye? Wiki iliyofuata tukaitwa mtaa wa pili, halafu wa tatu. Mimi, katibu wa kwaya, ndiye nilikuwa napokea mialiko. Nisikufiche, nilinogewa. Miaka yote hiyo nilikuwa dada wa teja, ghafla nikawa dada wa muujiza, natengewa kiti cha mbele.

Shida ikaja kwenye maneno. Luka alikuwa anasema hivi tu: namshukuru Mungu, leo sijatumia. Ndivyo wanavyosema kwenye kikao chao. Nikamwambia huo ni ushuhuda gani wa leo leo, kama anatangaza hali ya hewa? Nikamwandikia mwenyewe kwenye karatasi ya daftari: nimepona kabisa, wala hamu sina. Alisoma, akaniomba nifute ule mstari wa hamu. Nikakataa. Jumatano nazo zikaanza kuliwa na safari na mazoezi. Mama akasema mtu aliyeponywa akiendelea kwenda vikao anamfanya Mungu fundi wa nusu kazi. Lazaro, alisema, hakurudi kaburini kupimwa. Tulicheka sote. Luka naye alicheka, ila alichelewa kidogo.

Kuanzia mwezi wa sita alianza kunyamaza. Mtu ameshatangaza mbele ya makanisa matano kwamba hamu imekufa, sasa ikifufuka amwambie nani? Alikuwa anaoga mara tatu kwa siku, halafu anakaa juani na jaketi. Munira, jirani yetu yule wa Kondoa, aliniita kwenye ua akaniambia amemwona Luka amesimama barabarani karibu saa nzima, anatazama malori yanavyopita na midomo inamcheza. Nikamjibu kwamba alikuwa anaomba. Munira akachukua ndoo yake akaenda zake.

Ndipo ukaja mwaliko wa mkutano wa injili Kibaigwa. Usidhani nilisahau alichosema Nikodemo. Nilikikumbuka neno kwa neno. Lakini mama alisema shetani aaibishwe nyumbani kwake, na mimi nikaufikiria ule umati, nikaona tunakwenda. Ilikuwa Jumapili ya mwisho ya Julai, msimu wenyewe wa mahindi, malori yamejipanga na vumbi la magunia linawasha macho. Luka alipanda jukwaani akasoma karatasi yangu bila kuruka neno. Aliposhuka, watu wakapanga mstari kumpa mkono. Wa tano au wa sita alikuwa mpakiaji mmoja wa magunia, mtu mzima. Alimkumbatia Luka kuliko wengine wote, akamwita kwa jina ambalo sijawahi kulisikia. Walipoachana, Luka alitia mkono mfukoni na hakuutoa tena, hata chakula alikula kwa mkono mmoja. Mimi niliona, dada. Nilikuwa naongoza wimbo, na niliendelea kuongoza.

Jumatano ya tarehe sita mwezi huu alinifuata jikoni. Aliniambia hajatumia, ila kile alichopewa Kibaigwa amekilaza chini ya godoro. Kukitupa anashindwa na kukishika anaogopa. Akaniomba mambo mawili. Nikichukue nikakitupe chooni, na nimsindikize Area D siku ileile, kwa sababu akiwa peke yake haziamini kona za njiani. La kwanza nililifanya. Ni kete moja ya unga, ndogo kuliko kucha ya kidole gumba. La pili nilimwambia asubiri. Jumapili tulikuwa na wageni kutoka makao makuu ya kanisa, jina lake limeshachapwa kwenye ratiba, na chumba cha kikao kinatazamana na nyumba ya Devota wa kwaya yetu. Angeonekana akiingia, maneno yangetutangulia kanisani. Hakubisha. Aliniuliza tu kwa nini siku hizi Nikodemo hapigi. Nikamwambia labda ana watu wengi wa kuwahudumia.

Hapo ndipo penye barua yangu. Nikodemo hakuacha kupiga. Mwezi wa tano, Luka alipokosa vikao vitatu mfululizo, alipiga kuuliza, nikampa visingizio, akaja mwenyewe mpaka getini. Nilimzuia palepale, nikamwambia Luka amehamia Kondoa kwa biashara ya ufuta na anaendelea vizuri sana. Luka alikuwa chumbani, hatua kumi kutoka pale. Nikodemo alipogeuka nikaifungia namba yake isiingie tena kwenye simu yangu. Niliona haya kuwa na mtu wa soba anayetugongea geti wakati watu wanatuita nyumba ya muujiza. Luka amekaa miezi mitatu akiamini kwamba mtu aliyemwelewa kuliko sisi sote amemchoka. Nawe kila Jumapili ukiniuliza kama anahudhuria, nilikujibu hajakosa hata kikao kimoja. Mama hajui lolote kati ya haya, usimgombeze mama.

Juzi Jumanne Luka alisema ameitwa Kibaigwa kutoa ushuhuda. Hakukuwa na mwaliko, kwa sababu mialiko yote hupita kwangu. Nilitambua kuwa anadanganya maana alidanganya kama mimi, huku anatabasamu. Alipiga magoti kumuaga mama, jambo ambalo hajalifanya tangu akiwa mdogo. Nami nikamwacha aende, nikijiambia labda nimekosea. Jana hakurudi. Leo alfajiri niliifungulia namba ya Nikodemo, nikampigia, nikamweleza yote kama ninavyokueleza wewe. Hakunigombeza. Aliuliza Luka amevaa nini, akasema anakwenda. Saa tatu alinitumia ujumbe kwamba ameshuka Kibaigwa na anaanzia kwenye maghala. Sasa ni saa saba na nusu. Ile methali ya mficha maradhi unaijua, mimi siimalizi.

Naogopa, dada. Nimepika, chakula kimepoa, nimefagia ua mara mbili. Kama kuna msamaha umebaki kwako, nisamehe. Na kama hautatutosha mimi na Luka, basi mpe yeye, kwa sababu aliomba msaada, na aliuomba kwa mdomo wake mwenyewe.

Simu inaita. Ni Nikodemo. Acha nimalize salamu kwanza.

Msalimie sana shemeji. Watoto wasalimie mmoja mmoja, na yule kitindamimba mwambie mama yake mdogo hajasahau gauni alilomwahidi. Walimu wenzako wote wape salamu zangu. Imekata. Mama anakusalimu, Munira anakusalimu. Luka naye anakusalimu, alinituma hivyo Jumanne akiwa mlangoni, nikasahau kukuambia. Inaita tena. Mungu akulinde, nasi atuangalie huku.

Ni mimi mdogo wako,
Penina

Dada, nimepokea. Naandika huku simu iko sikioni. Nikodemo hajaniambia neno lolote kuhusu Luka. Ameniuliza niko na nani hapa nyumbani, na mama yuko wapi. Nimemjibu niko peke yangu, mama yuko kanisani kwenye maombi ya akina mama. Amesema nimwite Munira aje akae nami, na kwamba hatakata simu mpaka aisikie sauti ya Munira humu ndani.