Mchaichai wa pale bombani

Ndugu yangu, leo nimeumbuka.

Nimerudi nyumbani baada ya miezi saba ya kuzurura, nakuta yule fundi saa jirani yuko jikoni kwangu anamchemshia mke wangu mchaichai. Jikoni kwangu.

Mama watoto anapuliza kikombe, anamsifu: "Tangu unianzishie hii, tumbo limetulia."

Tangawizi niliyokuwa namchemshia mimi, miaka yote alikuwa anaimwaga.

Nikatoka hadi bombani. Lile shina la mchaichai nililopanda mimi limekatwa majani! Nikarudi mbio: "Huo mchaichai ni wangu."

Mke wangu hata hakugeuka. "Ulipanda ukaondoka, baba. Mwenzio ndiye aliyeumwagilia."

Mwenzio, ndugu yangu. Fundi akanimiminia kikombe, nikanywa.

Mtamu kweli, na hilo ndilo linaloniuma.