Shujaa Aliyejifunga Kwenye Jiwe

Mpendwa dada Atieno,

Hujambo? Joto la Maskati limenimaliza, na miguu imevimba kwa kusimama wodini. Leo nilimhudumia mhandisi mzee kutoka Ayalandi. Juzi alipasuliwa tumbo, lakini alikataa kulala. Alisimama akishikilia kitanda.

"Kwa nini unajitesa, mzee?" nikamuuliza.

Akanisimulia habari za shujaa wa kale wa kwao. Alipojeruhiwa vitani, alijifunga kwa mshipi kwenye jiwe refu ili afe amesimama. Maadui hawakuthubutu kumsogelea mpaka kunguru alipotua begani mwake, ndipo wakajua amekufa.

"Na wewe unamwogopa nani humu?"

Akautazama mlango. "Binti yangu anafika leo. Sitaki anikute nimelala."

"Anakuja kumwona baba yake," nikamwambia. "Hafuati shujaa."

Akakubali nimlaze. Binti alipoingia alimkuta usingizini. Akavua viatu polepole, akakaa, akamshika mkono. Nami nikaenda msalani nikalia.

Msalimie sana baba. Mwambie, na ugonjwa wake huo, asijikaze kwa ajili yangu. Hata nikija Disemba nimkute kitandani, nitashukuru tu kumkuta. Mungu awalinde.

Mdogo wako,
Akinyi