Begi Chini ya Saruji

Shemeji,

Huku tuko salama, mvua imepungua. Jumatatu napanda boti, siku sita kuteremka mto mpaka kwenu.

Dada yako alipokuja kwenu peke yake, akaugua, akafa, niliwaambia kazi imenibana, nikakosa mazishi ya mke wangu. Nilidanganya. Naogopa maji. Miaka ishirini napakia mizigo bandarini, sijawahi kusafiri kwa boti hata mara moja. Makuli wenzangu hunicheka: "Wewe na mto kama mtu na mama mkwe!"

Leo nguo zake nimezitia kwenye begi, nikaliweka chini kabisa ndani ya boti, juu nikapanga mifuko mia mbili ya saruji inayokuja kwenu. Hata woga ukinishika Jumatatu, haliwezi kutoka mpaka tufike. Yeye nilimwacha aje peke yake. Nguo zake siziachi.

Ni mimi, shemeji yako mwoga.