Alitafsiri kwa Imani

Batsinda, Kigali
Jumatatu jioni

Dada yangu Atupele,

Shikamoo. Najua umeshashtuka, maana tangu nijue kuandika, barua zangu zote huanza na Bwana Yesu asifiwe, nawe hujibu Amina hata ukiwa peke yako na karatasi. Leo nimeanza na shikamoo. Usiikunje barua, endelea kusoma, na tafadhali usiisome kwa sauti mbele ya mama.

Hujambo lakini? Mgongo umetulia, au bado unakusumbua ukiinama kupalilia? Watoto wamepona kikohozi? Mimi mwili ni mzima. Nakula, nalala, na mashavu yameongezeka. Ukinikuta njiani utasema ndoa imenikubali.

Utajiuliza kwa nini nahangaika na karatasi wakati simu ipo. Simu si yangu peke yangu. Kwenye semina ya wanandoa, kabla hatujatumwa huku, tulifundishwa kwamba mume na mke watumishi wawe na simu moja pasiwe na siri kati yao, na sisi kwa uchangamfu wetu wa uchumba tukaenda kuuza yangu. Wakati ule niliona ni utamu mtupu. Sasa kila nikitaka kukuambia neno, namwona shemeji yako akilisoma. Barua hii ataileta mjitolea mwenzetu anayerudi Mbeya, na nimeipaka gundi pande zote mpaka vidole vimeshikana.

Nianze na mazuri, usije ukamchukia mtu bure. Emanueli ni mume mwema. Huamka kabla yangu akawasha jiko la mkaa na kunipashia maji ya kuoga. Majirani wakimwona anaanika mashuka wanamcheka, naye anaanika huku anaimba. Kitanda chetu tulitengenezewa na mafundi wa Gisozi. Alienda mwenyewe kutoa vipimo, akapima urefu wake barabara, akasahau kwamba mtu analala na mto. Basi mpaka leo wote wawili tunalala tumekunja magoti. Siku kilipoletwa tulicheka hadi jirani akagonga ukuta. Nakwambia haya ujue kwamba kicheko kilikuwepo ndani ya nyumba hii.

Kazi yangu ni kufundisha wasichana kushona kwenye darasa la misheni hapa Batsinda. Kabla hawajashika cherehani tunasoma Biblia, na hapo ndipo ninapomhitaji Emanueli. Unajua yeye ni Mnyarwanda aliyekulia kwetu Tanzania, kule Karagwe, kwa hiyo lugha zote mbili ni zake. Mimi Kinyarwanda changu ni cha sokoni na cha nyimbo za kanisani, basi. Wasichana nao Kiswahili chao ni cha kuazimana mkasi. Kwa hiyo nasema sentensi moja, nanyamaza, yeye anaigeuza, halafu naendelea. Kanisani ni hivyo hivyo. Kila neno langu zito katika mji huu limepita mdomoni mwa mume wangu kwanza, na mwanzoni nililipenda sana jambo hilo.

Sasa lenyewe. Dada, siwezi tena kuomba. Hakuna msiba ulionipata wala mtu aliyenikosea, na hilo ndilo linalonitisha. Siku moja nilikuwa naanika nguo, nikatazama mabati ya kilima cha pili, nikagundua kwamba nimepitisha siku nyingi nikiomba kwa midomo tu, na hakuna kilichopungua. Chai ilikuwa na ladha ile ile. Usingizi ulikuwa unakuja vilevile. Niliogopa nikapiga magoti pale pale kwenye tope la maji ya kufulia, nikamwita. Unakumbuka nilivyokuwa nikiita nyumbani, hadi kina mama wa kwaya wakawa wananiletea wagonjwa wao. Pale nilisikia kuku wa jirani tu. Nikafunga. Nikasoma Zaburi hadi macho yakauma. Ni kama kupiga simu kwenye nyumba iliyohamwa, inaita, inaita, na wewe unajua kabisa ndani hakuna mtu.

Na unajua tulivyoagwa. Kanisa zima lilisimama, mama akalia, mchungaji akaniita taa. Watu wa Tukuyu walileta mikungu ya ndizi iuzwe tupate nauli, hata wale ambao hawana. Niende kuwaambia nini? Kwamba taa yao ilizimika nilipovuka mpaka wa Rusumo?

Nilivumilia nilivyoweza, mwishowe nikamwambia Emanueli. Tulikuwa tunamenya ndizi. Nikamwambia kama mke anavyomwambia mumewe: simwoni Mungu tena, sijui amekwenda wapi, na naogopa. Aliweka kisu chini, akanishika mikono yote miwili na utomvu wake, akalia. Alilia kwelikweli. Nikasema moyoni, angalau sasa tuko wawili. Siku ile nililala vizuri, hata na magoti yangu yaliyokunjwa.

Wiki ile ile nikarudi kutoka darasani nikakuta viatu vya wanawake vimejaa mlangoni. Kikundi chote cha maombi kilikuwa ndani. Emanueli alikuwa amelipeleka jambo langu kikundini kama hitaji la maombi. Hakuona ubaya wowote, maana wewe na mimi pia tumekulia humo humo: mtu akilemewa, jambo lake linapelekwa kwa ndugu, ndugu wanalibeba. Alilipeleka na jina langu, na machozi yangu, hadi zile ndizi. Mama Pasita, mke wa mchungaji wetu wa huku, akanikumbatia akasema kwa Kiswahili chake cha Kigali, "Mukobwa wangu, shetani iko na wivu na ndoa mupya. Tutasari mpaka itoke." Mukobwa ni binti. Wakanikalisha katikati, wakaniwekea mikono kichwani, mabegani, tumboni, wakapaza sauti. Mimi nilikuwa natetemeka kwa hasira, nao wakaona ni upako.

Walipoondoka nikamuuliza Emanueli kwa nini.

"Kwani nimekusema vibaya, Tumpe? Nimekupeleka kwa ndugu."

"Mimi nilikuambia wewe."

"Mimi na wewe peke yetu tutaweza nini?"

Alikuwa anauliza kweli, anataka jibu. Angekuwa mtu mbaya ningepumzika, ningekasirika nikamaliza.

Tangu hapo sina pa kujificha. Nikienda bombani, nikienda kununua maharage, mtu ananishika kiwiko. "Iko namna gani, Tumpe? Imana imerudi?" Imana ndiye Mungu kwao. Wananiuliza kwa upole kabisa, kana kwamba wanaulizia mume aliyesafiri. Mama Pasita akasema nipumzike kufundisha Biblia, nibaki na cherehani mpaka nitakapotoa ushuhuda. Katika kanisa letu mtu akishaombewa husubiriwa asimame Jumapili aseme Mungu amemtendea nini, ndipo jambo linafungwa. Langu likabaki wazi, Jumapili baada ya Jumapili, na macho yote kwenye benchi letu. Emanueli akaanza kukonda. Kisha mchungaji akamwita akamwambia misheni haiwezi kuweka nyumba ya watumishi ambayo nusu yake imepoa. Hali isipobadilika, turudishwe Tanzania. Aliniletea habari hizo ameinamisha kichwa. Hakuniambia nidanganye, nisimsingizie. Alisema tu, "Jumapili simama. Mungu atakupa la kusema."

Basi jana nilisimama. Nilivaa kile kitenge ulichonipa siku ya kuagwa. Emanueli akaja kando yangu na kipaza sauti, maana ni kimoja na mkalimani ndiye anayekishika, anakileta kwako unaposema, anakirudisha kwake anapotafsiri. Nilikuwa nimeshakata shauri. Nikasema, "Nawashukuru wote mlioniombea." Akatafsiri, watu wakaitikia. Nikasema, "Lakini sijapona. Naomba, na sisikii kitu."

Emanueli akakigeuza kipaza sauti akasema sentensi ndefu, ndefu kuliko yangu, na ndani yake nikasikia yankijije, yaani ameniponya, nikasikia amahoro, yaani amani. Maneno hayo nayajua, dada, tunayaimba kila wiki. Kanisa likalipuka. "Imana ishimwe!" yaani Mungu asifiwe. Wanawake wakapiga vigelegele, ngoma ikaanza. Nikapaza sauti bila kipaza, "Sikusema hivyo! Bado niko gizani!" Nani atanisikia kwenye ngoma? Emanueli akafumba macho akalitafsiri na hilo, sijui alilitafsiri kuwa nini, na watu wakasimama kucheza. Mama Pasita akaja akanifuta machozi kwa ncha ya mtandio wake, naye analia kwa furaha.

Mtu mmoja alinielewa. Yuko mjane anayekaa benchi la mbele, Mama Beata, naye pia alikulia Karagwe na Kiswahili chake ni kama changu. Tulipotoka alinivuta pembeni akanishika mkono.

"Mwanangu, nimekusikia wewe, nimemsikia na mumeo."

Nikasubiri.

"Sitamwambia mtu. Msije mkarudishwa."

Akanipigapiga mkono akaenda zake, na aliona amenisaidia. Mimi nilikuwa nataka aseme! Nilitaka mtu mmoja tu arudi mle ndani aseme kwamba huyu mwanamke alisema jambo jingine.

Tulipanda kilima kurudi nyumbani, yeye amebeba Biblia zetu zote mbili. Nikamuuliza, "Umenisemea nini pale?"

Akanijibu bila kunitazama, "Nimetafsiri kwa imani."

"Umetafsiri maneno ya nani?"

"Yako. Yale utakayokuja kuyasema. Nimeyatanguliza tu, Tumpe."

Hakuwa anatania. Anaamini kabisa kwamba maneno yale yako njiani na yeye aliyaona kabla yangu. Na alikuwa na furaha, uso umemrudia ule wa siku za uchumba. Akanunua mishikaki ya mbuzi kwa mchoma nyama wa barabarani, akaandaa mwenyewe mezani, akaniambia niombee chakula.

Nikaomba kwa Kinyakyusa, ambacho hakijui hata neno. Nikasema: Kama upo, sikia hili ambalo hakuna wa kuligeuza. Sikuoni. Mtu huyu nampenda, na sitaweza tena kumwambia neno la kweli, kwa sababu akilipata halikai kwake. Kama haupo, basi nazungumza na nyama. Emanueli akaitikia "Amina!" kwa nguvu, akanichagulia mshikaki mkubwa kuliko yote. Nikaula. Ulikuwa mtamu, na hilo ndilo lililoniliza.

Leo asubuhi nimerudishiwa darasa la Biblia. Wasichana walinipigia makofi nilipoingia. Nimefundisha habari za Ayubu, Emanueli ametafsiri, nao wametabasamu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Sijui wamesikia nini.

Nimekata tamaa, dada. Nimeandika neno hilo nikalitazama muda mrefu nione kama nimezidisha. Sijazidisha. Nikiwaza kurudi nyumbani namwona mama amesimama kituoni ananisubiri na watu wake wa kanisa. Nikiwaza kubaki nauona mwaka mzima nikifungua mdomo na mtu mwingine akitoka humo. Na jioni anarudi, anavua viatu, ananiuliza nimeshindaje kwa sauti ile ile iliyonifanya nikubali kuolewa, nami najibu nimeshinda vizuri. Sisi bado ni maharusi, watu hapa bado wanatuita hivyo. Sikujua mtu anaweza kuwa mpweke na bega la mwenzake limemgusa.

Msalimie mama, mwambie nimenenepa, hiyo ni kweli na itamtosha. Msalimie mumeo, shemeji yangu, na Lusajo na mdogo wake, mwambie Lusajo kina mama wa Kigali wanaendesha pikipiki pia, atafurahi. Bibi yetu mzaa baba mshike mikono kwa niaba yangu. Mama mkubwa wa Kyela akija kuwatembelea mpe salamu, ila akikuuliza habari za mimba, mwambie Mungu ana wakati wake. Mwalimu wa kwaya msalimie tu, usimwambie lolote.

Na Alhamisi, kina mama wakikutana, mwenyekiti atauliza kama ilivyo desturi nani ana hitaji. Nakuomba, kwa titi moja tulilonyonya, jina langu lisitoke mdomoni mwako. Usiseme hata kwamba una ndugu aliye mbali, maana watajua ni mimi. Ukitaka kuniombea, niombee jikoni ukiwa unasonga ugali, mlango umefungwa, wewe peke yako. Halafu usiniambie kama alikujibu.

Ni mimi mdogo wako, ambaye anakukumbuka kuliko unavyodhani,

Tumpe