Mama Aliketi na Buibui Lake

Ijumaa, mwisho wa Februari, 1999

Joto la leo linanata. Feni imezunguka kutwa nzima na haikuleta ila vumbi la dirishani. Nimerudi harusini kwa jirani, bado nguo zanukia udi, na ukiniuliza nina nini nitakwambia nina kinyaa. Si hasira. Hasira nilikuwa nayo juma lililopita, ikapoa. Hiki ni kinyaa cha mtu aliyekuta unywele ndani ya chai na nusu kikombe ameshakunywa.

Mezani iko insha ya chuo, "Manufaa ya teknolojia mpya ya mawasiliano kwa jamii." Siku ya kuikabidhi ni Jumatatu. Niliianza kwa madaha kweli kweli, nikaandika kwamba intaneti inaifanya dunia yote kuwa kijiji kimoja. Sijui aliyeyatoa maneno hayo kama amepata kuishi kijijini. Hapa kwetu Kuze, Mombasa, tunajuana kama wanakijiji, na mtu akitaka kuingia kwenu hubisha hodi kwanza.

Dada yangu Zuhura aliolewa juma lililofuata Idi. Sherehe ya wanawake kwetu ina taratibu zake. Milango hufungwa, wanaume wakaondoka hata barazani, na mabuibui huvuliwa yakarundikwa kitandani chumba cha ndani. Hapo ndipo utakapojua nani ana nywele za kufika kiunoni na nani ana dhahabu aliyoificha mwaka mzima. Kamera huingia moja tu, ya mwanamke aliyekodiwa, na picha zake hukabidhiwa bibi harusi mkononi. Hakuna aliyeiandika sharia hii popote. Mtoto wa kike huijua kabla hajajua kusoma.

Mama yangu hufundisha watoto Kurani katika ukumbi wa chini. Ni mtu wa sauti ndogo na mambo machache. Tangu baba afariki, sikumwona akicheza ngoma hata mara moja. Siku ile chakacha ilipokolea alifunga leso kiunoni, akaingia katikati, akacheza mpaka mashoga zake wakapiga vigelegele vya kukata sauti. Zuhura alilia hadi wanja ukamchuruzika, na aliyempamba akamgombeza. Mimi pia nililia. Nilidhani mama alishasahau kucheza.

Samira akapiga picha.

Samira ni binti wa mjomba, kaka yake mama. Alikulia Uingereza na alikuja kwa ajili ya harusi. Kamera yake ndogo ilikuwa mkobani, na hakuna aliyeuliza mkoba una nini, kwa sababu mgeni wa Ulaya kwetu hapekuliwi. Hilo ndilo kosa letu sisi watu wa huku, adabu kwa wageni hata pale ambapo haifai.

Juma lililopita nilikwenda saiba ya Makadara, duka la kukodi intaneti, kutafuta habari za insha. Vijana kadhaa walikuwa wamejazana mbele ya kompyuta moja. Laini ilikuwa nzito, picha inashuka mstari kwa mstari kutoka juu, na mmoja akawaambia wenziwe, "Ngojeni, yashuka hiyo. Kiuno chaja."

Nikachungulia. Nani asingechungulia? Kwanza niliona pazia letu la kijani. Kisha nywele. Kisha uso wa mama, ameinua kidevu, anacheka. Kijana aliyeshika mausi alifundishwa alifu na mama, pale pale ukumbini kwetu, na nimewahi kumpangusa kamasi kwa mkono wangu. Alimtambua, nilimwona alivyoganda. Angeweza kuifunga. Hakuifunga, na picha ikaendelea kushuka mpaka kwenye leso.

Nilichomoa waya ukutani. Mwenye saiba alinifokea kwamba nitamharibia mashine, nami nikamwambia maneno ambayo binti wa mwalimu wa madrasa hatakiwi kuyajua.

Kumbe Samira ametengeneza ukurasa wake wa intaneti, ameuita "Jamaa zangu wa Mombasa," na anwani yake amempelekea kila ndugu mwenye barua-pepe. Ndugu mmoja akamwonyesha rafikiye, na rafikiye akawaita wenziwe. Chini ya picha pana kihesabio, kila anayeufungua ukurasa namba inapanda. Pana na daftari la wageni, ambamo mpita njia yeyote duniani anaweza kuandika lake. Mwanamume mmoja, sijui jina lake wala nchi yake, ameandika kwamba mama yangu ni mtamu.

Mama yangu!

Nilimwandikia Samira siku ile ile aiondoe. Kila siku nikawa narudi saiba kutazama kama imeondoka. Imo. Nafungua, imo. Mwishowe akanijibu kwamba nisijitie wasiwasi, ni picha tu, na nitazame namba ya wageni inavyopanda kila siku, watu wanampenda shangazi.

Wageni wale, wengi wao, walikuwa mimi.

Nilimwambia mama mwenyewe, kabla hajaambiwa na mzazi wa mwanafunzi mlangoni. Alikuwa akichagua mchele. Nilijaribu kumweleza ukurasa wa intaneti ni kitu gani, nikajisikia mjinga na masomo yangu yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza neno moja.

"Walicheka?"

Nikasema la. Nilidanganya, naye alijua, maana alianza upya kuuchagua mchele uliokwisha kuchaguliwa.

Leo mchana ndipo Samira alipoandika. Mjomba amemkemea, ameufuta ukurasa wote, na mimi kaniita mchongezi. Sikujali. Nilitoka Makadara mbio na jua lote lile, nikamkuta mama anafukiza nguo za harusini. Nikamwambia, "Imeondolewa, mama. Haiko tena."

"Alhamdulillahi," akasema. Akaligeuza buibui juu ya chetezo. "Na hao walokwisha kuiona, mwanangu, wataondolewa na nani?"

Mimi ndiye msomi wa kompyuta katika nyumba hii, na nilichoweza ni kumshikia chetezo.

Harusini kwa jirani milango ilifungwa kama ada, na mabuibui yakajaa kitandani. La mama halikuwamo. Aliketi karibu na ukuta nalo mwilini, ushungi umembana uso, jasho linamtoka, anawatabasamia wenyeji. Mama wa bibi harusi alikuja kumvuta mkono acheze. Akasema goti lamuuma. Goti la mama yangu ni zima, hupanda na kushuka ngazi zetu kwa ndoo ya maji. Wanawake wawili waliokaa kando yake nao hawakuvua, na kila mkoba ulipofunguliwa niliwaona wakiutazama.

Chakacha ikaanza. Chini ya pindo la buibui nikauona mguu wa mama unafuata ngoma, kidogo kidogo, kidole na kisigino. Nikafurahi, nikasahau nikaukodolea macho. Akaniona namtazama, akauvuta ndani.

Kinyaa changu ni hapo. Si Samira, si wale vijana wenye adabu za paka. Ni kwamba mama ameyaogopa hata macho yangu.

Niliporudi niliifuta ile sentensi ya kijiji. Nikaandika badala yake habari za mguu ule, ulivyopiga ngoma ukajificha, nikaona nimepata insha ambayo itamnyamazisha mwalimu na darasa zima. Nikaisoma tena. Mwalimu huwa anatusomea insha nzuri mbele ya watu.

Nimeichana. Mguu ni wa mama.

Jumatatu nitamkabidhi mwalimu manufaa yake, matupu, kama alivyoyaagiza.