Mimba ya Dawa

Yaya Tania, dada yangu,

Siwezi kukupigia simu, hapa Lweba bote banasikia. Samaki ya ndagala iko mingi mu ziwa.

Unakumbuka dawa zangu za kichwa, zenye zilinyamazisha zile sauti nilikuwa nasikia peke yangu? Zilikata damu yangu ya mwezi miezi mine, zikaleta maziwa. Munganga wa hospitali alisema ni dawa tu, hakuna mimba. Lakini mama mukwe alikuwa amekwisha kushukuru Mungu mbele ya kanisa lote, akanikataza kazi ya shamba. Bwana yangu naye akanipenda tena. Nilishindwa kusema kweli. Nikatupa dawa mu ziwa, kusudi damu irudi, baseme mimba imetoka.

Ikarudi. Leo banalia mutoto mwenye hakukuwako. Sauti nazo zimerudi, yaya. Zinaniuliza nilimutupa wapi.

Mudogo wako,
Solange